Mkimbizi Hana Bega

Mzee Kastori alikuwa mtu wa Kirundi. Kwa Kirundi alisali, kwa Kirundi aliuza maharage yake, kwa Kirundi aligombana na kuku. Lakini alipotaka kumtusi Letisia alitumia Kiswahili, ili tusi lifike zima bila kupotea njiani. Letisia alizaliwa kambini Mtabila, kule Tanzania, na ingawa alikuwa amerudi Buhinyuza, nchini kwao, miaka mingi iliyopita na kulima shamba la baba yake, bado akiota ndoto aliota kwa Kiswahili.

"Ule mkimbizi yako haiko na bega," Kastori alimwambia asubuhi ile, amekaa kibarazani na kikombe cha uji. "Bwana yake iko wapi? Kaka yake iko wapi? Leo tumubebe yeye. Kesho mi nikigonjwa, atamutuma nani anibebe?"

Kilimani pale bega ndilo lililokuwa uraia. Chini ya paa la kibaraza cha Kastori, juu ya vichwa vyao wakati huohuo, ilining'inia ingobyi: machela ndefu ya mianzi iliyosukwa kama kikapu, na miti miwili ya kubebea mabegani. Barabara ya gari haikufika huko juu. Mgonjwa wa kilima alishuka kwa ingobyi, na mzazi alishuka kwa ingobyi, na kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja wa kubeba. Nyumba iliyotoa bega ingebebewa mtu wake. Wanawake hawakubeba, wao walitoa kitenge cha kumfunikia mgonjwa na kufuata nyuma wakipiga yowe. Nyumba ya Letisia, aliyefiwa na mumewe Leonardi, ilisimamiwa na bega la shemeji yake Manase, mtu mpole kuliko inavyofaa.

"Mzee wangu," Letisia alisema, "Mama Kadidja wa Gitega amefika na lori njia kuu. Akimaliza kupakia maharage anaondoka. Gari la wagonjwa halina mafuta, umesikia mwenyewe. Muuguzi amesema daktari wa mifupa yuko Gitega, na homa ile ikipanda tena, mguu utaondoka na mwenyewe. Nipe ingobyi. Ikipotea niulize mimi."

Kastori akaweka kikombe chini.

"Ilishaendaka na wakimbizi mara moja," akasema. "Haikurudi."

Letisia alijua. Nani kilimani hakuijua habari ile? Mwaka wa vita, watu wa kilima walipokimbilia Tanzania, walimbeba mzee wao mmoja kwa ingobyi ya zamani wakavuka nayo mpaka. Kastori hakukimbia. Alibaki na mama yake mgonjwa, na mama yake alipozidiwa hakukuwa na kitu cha kumbebea. Alifia mlangoni, mgongoni mwa mwanawe. Habari hiyo Kastori aliisimulia kila pombe ya ndizi ilipoiva, na kila alipoisimulia aliwatazama waliorudi kutoka Tanzania, kana kwamba wameificha ile ingobyi chini ya vitanda vyao. Letisia alikuwa hajazaliwa wakati huo. Hata hivyo alimwonea uchungu, na siku nyingine angenyamaza na kwenda zake.

Siku hiyo hakunyamaza. Jikoni kwake, juu ya mkeka, Raissa, yule mkimbizi, alikuwa akisaga meno kwa maumivu.

Raissa alikuwa mtengeneza sabuni wa Uvira. Bomu lililoangukia jirani na banda lake la sabuni liliua watu aliowapenda, nalo likamwachia yeye kipande cha chuma ndani ya muundi. Alivuka mto wa mpaka, Rusizi, hivyohivyo, akasafirishwa hadi kambi moja huku Muyinga, jeraha likafunga juu na kuendelea kuchimba ndani. Kambi ilijaa kupita kiasi. Akatoka kutafuta kibarua cha kupalilia, akaangukia katikati ya matuta ya viazi ya Letisia na hakuweza kusimama tena. Tangu siku hiyo alilala jikoni kwa Letisia, na mguu ukaanza kutoa usaha, na usaha ukaanza kunuka mpaka majirani wakawa wanasalimia wakiwa mbali. Bibi mmoja alisema la kuvunda halina ubani, akamshauri Letisia amrudishe mtu wa watu kambini akafie kwenye hesabu ya wenyewe.

Mama yake Letisia alipokaribia kumzaa, kule Kasulu, alikutwa na uchungu porini akitafuta kuni. Mkulima mmoja, Mha, ambaye hata jina hakuacha, alimpakia kwenye baiskeli na kuisukuma hadi hospitali ya kambi ya Mtabila. Letisia amelelewa juu ya habari hiyo kama wengine wanavyolelewa juu ya uji. Yule Mha hakuuliza bega.

Akavuta kigoda cha Kastori, akakipanda, akafungua kamba na kuishusha ingobyi.

"We Letisia!" Kastori alisimama. "Mwanamuke anashusha ingobyi? Ukitoka nayo hapa, nyumba yako haiko na bega tena! Sikia! Tena hata siku moja!"

"Basi na lisiwepo," alisema Letisia, akajitwika kichwani na kuondoka.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja habebi ingobyi. Letisia alikwenda kwa Jeska, jirani yake, mwanamke wa mabavu aliyekua naye kambini, ambaye akicheka mbuzi hustuka. Jeska alikuwa anamenya mihogo. Aliposikia habari alijifunga kitenge kiunoni mara mbili, akawaita binti zake wawili wakubwa, na mihogo ikabaki na kuku.

Raissa alipoona wanawake wanne wamesimama jikoni na ingobyi, alianza kulia.

"Mama Moses, muniache," alimwambia Letisia. "Mi nilishakufiaka Uvira. Hapa ni kumalizia tu."

"Ukitaka kufa kafie kwenye lami," alisema Letisia. "Kwenye viazi vyangu sikuruhusu. Jeska, shika kichwa."

Walimfunika, wakanyanyua, wakatoka. Mara moja wakajua kwa nini wanaume hujisifu. Miti ililalia mfupa wa bega, na njia ilikuwa imelowa mvua, na hakuna aliyekuwa amewafundisha kwenda pamoja. Chini ya nyumba ya kwanza binti mmoja alijikwaa, ingobyi ikainama, Raissa akapiga kelele ya kukata maini.

"Wa mbele anasema!" Jeska alifoka kutoka nyuma. "Hujawasikia wanaume? Sema, Letisia! Wewe una macho, sisi tuna miguu tu!"

Ni kweli. Tangu warudi hapa walikuwa wamewasikia wabebaji wakipita: wa mbele hutaja kinachokuja, wa nyuma huitikia, na hivyo kilima kizima hujua mgonjwa amefika wapi.

"Jiwe!" akasema Letisia, kwa sauti ndogo ya aibu.

"Jiwe!" wakaitikia.

"Tope!"

"Tope!"

Ikawa nafuu. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomchoma Letisia kuliko mti uliokuwa begani. Desturi ya ingobyi ni hii: ukikutana nayo njiani, hata ikiwa na adui yako, unaweka chini ulichobeba na kumpokea mtu mmoja mti wake mpaka achoke kupumzika. Hakuna anayeiona ingobyi na kuipita. Asubuhi ile njia nzima haikuwa na mwanamume. Waliposikia "Jiwe!" kwa sauti za kike, wanaume wa kilima waliingia migombani, kila mmoja amekumbuka ghafla mkungu wa kukata. Ukipita ungeona majani yakitikisika pande zote mbili za njia, na mapanga hayasikiki.

"Nawaona!" Jeska aliwapigia kelele. "Nawaona nyote na magoti yenu!"

Karibu na mto, ambako mvua ilikuwa imechukua daraja na ikabaki miti miwili ya kuvukia, mgomba mmoja ulitikisika, akatoka Manase, shemeji. Alikuwa na majani kichwani. Alimpokea binti mmoja wa Jeska mti, akaingia majini kwanza hadi kiunoni ili ingobyi isiyumbe, na ng'ambo ya pili ndipo akasema, "Kastori ataniua," akaendelea kubeba.

Njia kuu, lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mama Kadidja wa Gitega, mfanyabiashara wa maharage na karanga, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori na simu sikioni, ushungi umefungwa vizuri, akimgombeza mtu wa mbali. Alipoiona ingobyi alikata simu bila kuaga.

"Subhanallah." Alifunua kitenge, akafunika. "Mais, lakini huyu mtu anaoza! Mupandishe juu ya magunia. Mumutoe? Hapana, musimutoe humo, atawakatikia mukononi. Mupandishe na ingobyi yake hivyohivyo."

Wakampandisha hivyohivyo. Ni hapo tu, ingobyi ilipokwisha kufungwa kwa kamba juu ya maharage, Jeska alimshika Letisia mkono.

"Na ingobyi?"

"Itarudi."

"Lini? Kilima kibaki bila?"

Letisia alimtazama, akautazama mlima, akamsikia Kastori kichwani mwake: ilishaendaka, haikurudi. Aliogopa kweli. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alimwachia Jeska mwanawe Moses, akapanda lori, akakaa karibu na kichwa cha Raissa, maana hospitali mgonjwa asiye na wa kumlinda na kumpikia ni mgonjwa nusu.

Gitega ni mji mkuu siku hizi. Watu wa wizara wanatembea kwa miguu na viatu vilivyopigwa rangi, pikipiki zinawapita zikitimua vumbi jekundu, na baiskeli zinateremka na mikungu ya ndizi kama zamani, kwa maana ndizi hazikuambiwa habari ya mji mkuu. Lori la Mama Kadidja liliwashusha mlangoni mwa hospitali. Wapakuzi wake wanne waliiingiza ingobyi hadi ukumbi wa kupokelea wagonjwa, wakaiweka sakafuni, wakarudi kwenye maharage yao. Kadidja alibaki.

Dirishani alikaa kijana mwenye shati jeupe na uchovu mwingi.

"Mkimbizi?" aliuliza. "Wakimbizi wanapitia kambi yao kwanza. Mumurudishe kambi, kambi itamuleta na gari yake."

"Nimrudishe?" Letisia alidhani hakusikia vizuri. "Kaka yangu, nimemtoa Buhinyuza kwa mabega. Nimrudishe Muyinga ili aletwe Gitega?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Franchement, kusema kweli," alisema Kadidja, "huo utaratibu alizaa nani? Nimutafute nimupige."

"Mama, usinitukane. Si mimi niliyeutunga."

Na kweli si yeye. Letisia aliona hivyo, na kuona hivyo hakukumpunguzia hasira hata kidogo. Maisha yake yote alikuwa amesimama mbele ya watu ambao si wao waliotunga. Kambini, mstari wa unga, si wao. Mpakani wakati wa kurudi, si wao. Baba yake alikufa akisubiri mtu aliyetunga atokee. Aligeuka, akashika ncha ya mti wa ingobyi.

"Sirudi," akasema. Sauti yake ilijaa ukumbi mzima. "Mtu huyu harudi. Jiwe likija, tutalitaja. Mama Kadidja, shika nyuma."

Kadidja, ambaye hajabeba hata ndoo tangu apate uwezo wa kuajiri, alitandaza ushungi begani na kushika nyuma. Wawili hawatoshi kwa ingobyi. Waliinua, wakayumba, Raissa akaugua.

Benchi zote za ukumbi zilikuwa na watu waliokuja kulinda wagonjwa wao: watu wa Giheta, watu wa Karusi, wakulima wenye vyungu vya ugali na mikeka iliyokunjwa. Hawakumjua Letisia, na wengi hawakuwa wamefuata maneno ya dirishani. Lakini ingobyi waliijua. Mzee mmoja wa Giheta mwenye kofia aliweka chungu chake chini, akaja akampokea Kadidja mti. Akaja mwingine. Akaja kijana mmoja aliyekuwa na bandeji yake mwenyewe mkononi, akaweka bega lililokuwa zima. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa kilima gani.

"Anakwenda wapi?" aliuliza yule mzee, kwa Kirundi, kama wanavyouliza njiani.

"Kwa daktari wa mifupa," alisema Letisia, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

Basi wakaenda. Walipita dirisha, na kijana wa shati jeupe alisimama, akafungua mdomo, akaufunga. Naye alikuwa mtoto wa kilima fulani, na hajazaliwa Mrundi wa kuisimamisha ingobyi ikiwa njiani. Wakapita mlango wa kwanza na wa pili, wakitaja ngazi na ndoo za wafagiaji, wagonjwa wakichungulia, mpaka daktari mwanamke akatokea mbele yao na glovu mkononi.

"Nani amewaruhusu huku?"

"Miguu," alisema mzee wa Giheta.

Daktari alifunua kitenge. Alitazama muda mrefu, akagusa juu ya goti, akanusa bila kuficha.

"Nani aliwaambia mkae naye mpaka afike hivi?" akasema kwa ukali, kisha akamgeukia muuguzi. "Ingiza. Karatasi zitakuja nyuma yake."

Walitoa kipande cha chuma kisichozidi ncha ya kidole gumba. Wakakwangua mfupa, wakausafisha, wakarudia tena wiki iliyofuata. Mguu ulibaki. Ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake na ulikataa kukunjika vizuri, lakini ulikuwa mguu, na ulikuwa wa Raissa. Letisia alilala chini ya kitanda chake, akampikia, akambishia kila alipotaka kufa, na homa iliposhuka kabisa alianza kufikiria kilima. Binti wa Mama Kadidja akachukua zamu ya kumlinda mgonjwa. Letisia akaifunga ingobyi juu ya lori tupu na kurudi Muyinga.

Alifika akiwa na furaha ya mtu mwenye habari njema. Jeska alimpokea chini ya mlima, naye hakucheka.

"Mzee Ignasi alizidiwa na ugonjwa wa ngiri," alisema. "Walimshusha kwa baiskeli. Kila jiwe tulimsikia."

"Amekufa?"

"Hajafa. Lakini tulimsikia, Letisia."

Mzee Ignasi alikuwa amempa mbegu ya maharage mwaka aliporudi. Letisia aliibeba ingobyi peke yake mpaka juu, akaiweka miguuni mwa Kastori, akapiga goti kwa heshima.

"Imerudi, mzee wangu. Kwa Mzee Ignasi nisamehe, na yeye nitakwenda kumwomba. Lakini kwa Raissa siombi msamaha. Kule Gitega watu wasionijua walitoa bega. Hapa kwetu wanaume waliingia migombani."

Kastori aliikagua ingobyi kamba kwa kamba kama mtu anayemkagua mbuzi wa mahari. Haikukosa kitu. Labda angekuwa na neno jema kama asingesikia lile la migomba, lakini alilisikia.

"Nilikuambia," akasema. "Nyumba yako haiko na bega. Manase na yeye, basi. Siku yenu ikifika, mutaona baiskeli."

Miezi ile ilikuwa mizito. Hakuna aliyemdhuru Letisia; walimwacha tu. Siku za kusaidiana kulima, jembe lake lilisahauliwa. Mwanawe Moses alipopata homa usiku alimlaza kifuani akihesabu pumzi zake, akijua kwamba ikizidi hakuna wa kuita. Manase alikuja kukaa kwake jioni, wakitazamana kama wezi wawili wasiokula walichoiba. Siku moja Manase akamuuliza shemeji yake kama anajuta.

"Najuta maharage yangu yamekosa wapaliliaji," alisema Letisia. "Kingine sijuti."

Kiangazi kilipoingia, Jumapili moja baada ya misa, wanaume walikuwa uani kwa Kastori wakikaza kamba za ingobyi na kunywa pombe ya ndizi, kama ilivyo kawaida yao. Mtu alionekana akipanda mlima. Alipanda polepole, akizungusha mguu mmoja kutoka pajani, na kichwani ana boksi. Letisia alimwona kutoka shambani. Aliacha jembe likiwa limesimama ardhini, akakimbia kumfuata, na Jeska nyuma yake.

Kadidja alikuwa amemwomba Raissa abaki Gitega. Ua wake wa nyuma ulikuwa umekwisha geuka kiwanda: mawese yanayotoka upande wa ziwa, jivu, mapipa mawili, na sabuni ya Raissa inaisha sokoni kabla ya saa sita. Mtu mwenye akili angebaki. Raissa alimwambia Kadidja atarudi, lakini iko neno moja kule kilimani, alilolisikia kila siku akiwa jikoni na kuchoka nalo.

Aliingia uani kwa Kastori, akatua boksi, akasalimia kwa Kirundi kibovu mpaka wanaume wakacheka. Kisha akagawa sabuni, mche mmoja kwa kila mtu.

"Anayepona analeta pombe," alisema mmoja wao.

"Mi pombe sigusake, mi Muislamu," alisema Raissa. "Nasikia harufu yangu iliwakimbiza mpaka kwenye migomba. Basi nimewaletea sabuni. Mukinawa, itatoka."

Hakuna aliyecheka hapo. Kastori aliushika mche wake bila kujua auweke wapi.

"Tumeshukuru," akasema. "Sasa?"

"Sasa nimeleta bega." Alijipiga la kulia. "Munasemaka mukimbizi haiko nalo. Hili hapa. Ni ya nyumba ya Mama Moses. Nikiwa Gitega, mutanituma, nitakuja na lori. Nikiwa hapa, mutaniita."

"Wanamuke hawabebake ingobyi."

"Nani alinishusha mimi?"

Manase, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kuwa hakuruhusiwa kuketi, alikohoa.

Kastori alitazama mguu wa Raissa, akaona pa kushika. "Na hiyo muguu itabeba nani? Hiyo hata kuku haibebe!"

Raissa aliishusha ingobyi kutoka mikononi mwa waliokuwa wakiikaza, akaiweka chini mbele ya kigoda cha mzee.

"Panda," akasema.

Kastori angeweza kukataa. Lakini wanaume wote walikuwa wakimtazama, vikombe vimesimama hewani, na mmoja akanong'ona kwamba mzee anaogopa. Kiburi kilimwingiza ndani ya ingobyi, jambo ambalo ugonjwa ulishindwa miaka yote. Alijinyoosha, fimbo kifuani, uso umekunjamana. Raissa akashika mbele kulia, Letisia mbele kushoto. Nyuma alishika Jeska, na Manase akavuka uani bila kuomba ruhusa na kushika mti wa nne.

Walimwinua. Kila Raissa alipokanyaga kwa mguu ule mbovu, upande mmoja wa ingobyi ulishuka na kupanda, na Kastori alishika kingo kwa mikono miwili. Wakatoka uani, wakashika njia ya kuteremka. Wanaume waliacha pombe, wakafuata. Watoto wakafuata. Bibi aliyesema la kuvunda halina ubani alitoka mlangoni mwake na hakufunga mdomo mpaka walipompita.

Kwenye kona ya mawe, Letisia alitaka kutaja njia, sauti ikakataa. Alimwona Raissa pembeni yake, jasho likimchuruzika shingoni, meno yameuma mdomo wa chini, akibeba. Walikwenda hatua kadhaa bila neno, na hapo ndipo watu huanguka.

"Jiwe!" ilisema sauti kutoka juu.

Walishtuka. Jeska alikuwa wa kwanza kupata akili.

"Jiwe!" akaitikia.

"Shimo, kushoto!" alisema Kastori, amelala chali, macho juu, kwani njia ile aliijua hata bila kuitazama.

"Shimo!"

Ikawa hivyo mpaka mtoni, ambako daraja jipya lilikuwa bado halijajengwa, wakageuza na kuanza kupanda. Mlima ulikuwa mkali. Raissa alianza kupumua kwa sauti. Mwanamume mmoja, wa wale wa migomba, alikimbilia mbele, akanyoosha mkono kumpokea mti, kama desturi inavyotaka.

Kastori aliinua fimbo yake kutoka ndani ya ingobyi na kumzuia. Angeweza kusema kwa Kirundi, yule mtu angemwelewa upesi zaidi. Alisema kwa Kiswahili, ili neno lifike zima.

"Umuache," akasema. "Zamu yake haijaisha."